Mawe ya Kongosho: Kupona au Kupata Nafuu?

Sugu, kwa asili, ni ngozi ngumu inayoota penye msuguano, kama katika kiganja cha mshika jembe. Ndipo tukapata kusema "ugonjwa sugu". Katika ugonjwa sugu wa kongosho taswira hiyo inakaribia kuwa ukweli mtupu: kwa sababu ya pombe ya miaka mingi, tumbako, urithi au visababishi vingine, kiungo hiki kilicho nyuma ya tumbo hujaa makovu na kukakamaa.

Kongosho hutoa maji yenye vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Maji hayo hupita katika mfereji wa Wirsung, unaoitwa kwa jina la mtaalamu aliyeugundua mjini Padua mwaka 1642, mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba. Kongosho likiugua, maji huwa mazito, chokaa huganda, na vijiwe huziba njia. Nyuma ya kizuizi shinikizo hupanda. Hiyo ni sababu mojawapo ya maumivu makali yanayotoka tumbo la juu mpaka mgongoni.

Katika tiba ya endoskopi, daktari hupitisha kinywani mrija unaopindika, wenye kamera, mpaka kwenye tundu la mfereji. Hukata kidogo msuli unaobana tundu hilo, kisha huvuta kijiwe kwa puto au kikapu chembamba cha waya. Kijiwe kikizidi milimita 5, aghalabu huvunjwa kwanza kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili, njia iliyoanza kutumika kwa mawe ya figo mjini Munich mwaka 1980. Makovu yakiwa yameubana mfereji, huachwa ndani kijibomba cha plastiki. Kazi hii ina hatari zake: inaweza kuleta damu, maambukizo, au kulifanya kongosho livimbe ghafla.

Je, mawe yakitoka mgonjwa amepona? Hapana. Makovu hayaondoki, na kisukari kinaweza kufuata. Hata kwa maumivu, endoskopi haishindi daima. Uchunguzi wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2007, kwa wagonjwa 39, na mwingine wa mwaka 2020, kwa wagonjwa 88, ulionyesha kwamba waliopasuliwa walipungukiwa maumivu zaidi. Hata hivyo, endoskopi mara nyingi hujaribiwa kwanza, kwa kuwa haipasui tumbo. Isipofaulu, upasuaji usicheleweshwe.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa lugha tunapohusika. Daktari akisema kwa Kifaransa *soulager*, nasi tukatafsiri "kuponya", mgonjwa atarudi nyumbani akiamini yamekwisha, na huenda akarudia chupa na sigara. Tukisema "kupunguza maumivu", ataelewa kwamba kuacha pombe na tumbako ni sehemu ya tiba. Kati ya vitenzi hivyo viwili pana afya ya mtu.