ISTILAHI ZA HUDUMA KWA WAKIMBIZI: MTARAJALI WA MAWASILIANO NA KAULI ZA VITENZI

1. Utangulizi

Kila mwaka baadhi ya wahitimu wetu wa lugha, uandishi wa habari na sayansi ya jamii hupelekwa katika mashirika yanayohudumia wakimbizi ili wapate mafunzo ya kazi katika vitengo vya mawasiliano. Huko hupewa kazi ambazo kwa nje huonekana ndogo: kufasiri tangazo la mgao wa chakula, kuandika maelezo chini ya picha, kutayarisha taarifa fupi kwa magazeti au matini ya kipindi cha redio. Nyaraka wanazokabidhiwa huwa katika Kiingereza au Kifaransa, na muda wa kuzifasiri huwa mfupi.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zinazowakabili vijana hao na wafasiri wengine wa fani hiyo. Hoja yetu kuu ni moja. Katika fani hii kosa kubwa mara nyingi haliko katika nomino, bali katika kauli ya kitenzi. Mfasiri anaweza kuchagua nomino iliyo sanifu kabisa, kisha kwa kiambishi kimoja tu akamnyang'anya mkimbizi haki aliyopewa na sheria.

2. Jina la kazi yenyewe

Tuanze na kijana mwenyewe. Wengine humwita "mwanagenzi", wengine "mwanafunzi wa vitendo", na mitaani husemwa kwamba "yuko fildi". Maneno haya hayana maana moja. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza ufundi kwa kumfuata fundi, kama vile useremala au ushonaji, na mara nyingi hana cheti cha fani hiyo bado. Mwanafunzi wa vitendo angali chuoni, na mafunzo yake ni sehemu ya masomo. Aliyekwisha kuhitimu akawa anajizoeza kazi kabla ya kuajiriwa ni "mtarajali". Neno hilo tunalo tangu zamani katika "mwalimu tarajali", na siku hizi hutumika pia katika "daktari tarajali" na "mafunzo tarajali". Hatuoni sababu ya kutafuta jingine.

Neno "mawasiliano" nalo lina utata wake. Kwa mtumishi wa serikali wa miaka iliyopita lilileta picha ya simu, posta na barabara. Leo limechukua pia maana ya kazi ya kupeana habari kati ya taasisi na watu. Msomaji atazame umbo la neno hili. Linatokana na kitenzi "wasiliana", chenye kiambishi cha kutendana. Haiwezekani mtu mmoja akawasiliana peke yake. Kwa hiyo kitengo kinachotoa habari tu bila kupokea neno la wakimbizi kinastahili kuitwa kitengo cha matangazo, na tofauti hii mtarajali aielewe tangu siku ya kwanza. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, ilichukua jina lake katika lugha ya wasikilizaji waliokusudiwa: "kwizera" kwa Kirundi na Kinyarwanda ni kutumaini. Anayechagua jina kwa namna hiyo amekwisha kumfikiria msikilizaji kabla ya kufungua kinywa.

3. Mkimbizi na jamaa zake

"Mkimbizi" ni neno lililoundwa kwa utaratibu ule ule uliotupa "mpokezi" kutokana na pokea, "mtetezi" kutokana na tetea na "mkombozi" kutokana na komboa. Kwa asili ni mtu akimbiaye. Kisheria, hata hivyo, kukimbia peke yake hakutoshi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtambua kuwa mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya rangi au asili yake, dini, uraia, kuwa kwake katika kundi fulani la jamii, au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969 na kuanza kutumika mwaka 1974, uliongeza wale waliolazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na wageni, kutawaliwa na wageni, au matukio yaliyovuruga vibaya amani ya nchi.

Mtu ambaye ombi lake halijaamuliwa ni "mwomba hifadhi". Asiitwe "mkimbizi haramu", wala "mhamiaji haramu", kwa kuwa kuomba si kosa. Lakini pia si kila anayevuka mpaka hupitia hatua ya kuhojiwa mmoja mmoja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Katika hali kama hiyo watu hutambuliwa kwa kundi. Tunapendekeza iitwe "utambuzi wa kundi", badala ya kunakili maneno ya Kilatini yaliyomo katika nyaraka za kigeni.

Ugumu zaidi uko katika "mkimbizi wa ndani". Neno hili lilienea sana katika redio na magazeti ya Kenya baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Linaeleweka upesi, na hilo ni jambo la kulisifu. Lakini linagongana na sheria, maana mkimbizi ni lazima awe amevuka mpaka. Zaidi ya hayo, linamfanya raia aonekane mgeni katika nchi yake. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unahusu watu hao, na msingi wake ni kwamba serikali yao wenyewe ndiyo yenye wajibu kwao. Wako wanaopendekeza "mhamishwa wa ndani". Kwa Mtanzania, hata hivyo, kuhamishwa kunakumbusha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, ambapo serikali ndiyo iliyohamisha watu kwa mpango. Tunaona "mfurushwa wa ndani" ni afadhali, kwa sababu kufurushwa hakumtaji aliyefurusha: huweza kuwa vita, huweza kuwa mafuriko.

4. Kurejea, kurejeshwa na kurudishwa

Hapa ndipo kiini cha makala haya. Suluhisho la kwanza linalotajwa kwa wakimbizi ni kwenda tena kwao kwa hiari. Kifungu cha tano cha Mkataba wa mwaka 1969 kinaagiza kwamba hiari hiyo iheshimiwe katika kila hali, na kwamba mkimbizi asirejeshwe kwao kinyume cha matakwa yake. Katika taarifa nyingi za Kiswahili maneno hayo hufasiriwa "kurejeshwa kwa hiari".

Tulitazame fungu hilo la maneno. "Rejea" ni kauli ya kutenda: mwenye kurejea ndiye mwenye nia. "Rejesha" ni kauli ya kutendesha: mtu mwingine anasababisha. "Rejeshwa" ni kutendeshwa: anayetajwa hana nia yoyote, kama vile mkopo unavyorejeshwa benki au kitabu kinavyorudishwa maktaba. Ukisema "wakimbizi watarejeshwa kwa hiari", msomaji ana haki ya kuuliza: hiari ya nani? Kwa sarufi ya Kiswahili hiari hiyo inaweza kabisa kuwa ya yule anayerejesha. Basi istilahi iliyo sahihi ni "kurejea kwa hiari", na nomino yake "urejeaji wa hiari".

Hatusemi kwamba kauli ya kutendwa ipigwe marufuku. Inayo mahali pake. Kuanzia Septemba 2017 misafara ya Warundi waliojiandikisha kwenda kwao ilianza kuondoka katika kambi za Mkoa wa Kigoma. Tuchukue mfano wa taarifa ya msafara wa namna hiyo:

(a) Wakimbizi 300 watarejeshwa Burundi Jumatatu.
(b) Wakimbizi 300 walioamua kurejea Burundi watasafirishwa Jumatatu.

Sentensi zote mbili zaweza kuandikwa juu ya mabasi yale yale. Katika ya kwanza watu ni mzigo. Katika ya pili uamuzi ni wao, na kinachotendwa juu yao ni usafiri tu. Kanuni ya kufuata ni nyepesi: uamuzi uandikwe katika kauli ya kutenda, na basi liandikwe katika kauli ya kutendwa. Lakini kanuni hii ni ya pande mbili. Ikiwa watu hawakuamua, mwandishi asiandike "walioamua". Aandike "walirudishwa", na amtaje aliyewarudisha.

Historia yetu inayo funzo juu ya jambo hili. Mapema Desemba 1996 serikali ya Tanzania na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi zilitoa tangazo la pamoja kwa wakimbizi wa Rwanda. Tangazo lilieleza kwamba sasa wanaweza kurudi kwao kwa usalama, na kwamba wanatarajiwa kuwa wamerudi ifikapo tarehe 31 Desemba. Wengi waliacha kambi wakaelekea ndani ya nchi, na askari wakawageuza kuelekea mpakani. Tuyapime maneno mawili. "Mnaweza kurudi" ni ruhusa. "Mnatarajiwa kurudi ifikapo tarehe fulani" ni agizo lililovaa nguo za matumaini. Yakiwekwa katika tangazo moja, msikilizaji hushika lile lenye tarehe. Mfasiri hana mamlaka ya kubadili siasa ya tangazo, lakini anao wajibu wa kumwonyesha mkuu wake, kabla ya kuchapa, kwamba ruhusa na agizo haviwezi kukaa katika sentensi moja bila kimoja kumeza kingine.

Kwa upande wa pili liko katazo lililomo katika kifungu cha 33 cha Mkataba wa mwaka 1951, la kumfukuza au kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Hata nakala ya Kiingereza ya kifungu hicho iliazima neno la Kifaransa ili kueleza tendo hilo. Kiswahili hakihitaji kuazima. "Katazo la kurudisha hatarini" linatosha, na linataja jambo ambalo tafsiri nyingine husahau, yaani hatari.

5. Maneno mengine yanayohitaji uangalifu

"Hifadhi" na "ulinzi" hubadilishanwa ovyo. Ulinzi humfanya msikilizaji afikirie askari na doria ya usiku. Hifadhi ni pana zaidi: ni haki, hati, usalama na kutorudishwa. Ofisa wa hifadhi asiitwe ofisa wa ulinzi, la sivyo watu watamletea habari za wizi wa kuku.

"Kambi" na "makazi" nazo si mamoja. Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zilipopokewa familia za Warundi waliokimbia mwaka 1972, zilikuwa makazi: watu walipewa mashamba wakalima. Wengi wa watu hao, wapatao 162,000, hatimaye walipewa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Jina la kisheria la uraia huo ni "uraia wa tajnisi". Mwenye nao ni raia. Kuendelea kumwita "mkimbizi wa zamani" katika taarifa ni kumrudisha alikokwisha kutoka.

Mwisho ni "ridhaa". Mtarajali anayepiga picha huambiwa apate kibali. Kibali na idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kama mkuu wa kambi. Ridhaa hutolewa na mwenye sura, baada ya kuelezwa picha itakwenda wapi na nani ataiona. Idhini ya mkuu wa kambi haiwezi kusimama mahali pa ridhaa ya mama aliyepigwa picha.

6. Istilahi zinazopendekezwa

mtarajali: mhitimu anayejizoeza kazi kabla ya kuajiriwa
mwomba hifadhi: aliyeomba hifadhi, ombi lake halijaamuliwa
utambuzi wa kundi: kutambuliwa ukimbizi bila kuhojiwa mmoja mmoja
mfurushwa wa ndani: aliyefukuzwa makwao bila kuvuka mpaka
hofu yenye msingi: hofu inayothibitika kwa hali halisi
urejeaji wa hiari: kwenda tena kwao kwa uamuzi wa mkimbizi mwenyewe
katazo la kurudisha hatarini: kanuni ya kifungu cha 33
ridhaa: kukubali kwa mhusika mwenyewe baada ya kuelezwa

7. Hitimisho

Istilahi hizi si za mwisho. Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa walio katika huduma hizi, hasa wale wa Kigoma, Kagera na Katavi, watuletee maoni yao pamoja na mifano ya sentensi kutoka katika matangazo yanayotumika. Neno pweke halituonyeshi kosa. Sentensi ndiyo inayotuonyesha nani ametenda na nani ametendwa, na katika huduma hii msomaji wa tangazo hulisoma akiwa na mzigo wake miguuni, akitafuta kujua kama anaulizwa au anaamriwa.