Miradi ya Kikundi Ionekane na Wote: Namna ya Kuipanga kwa Kadi kwenye Tovuti

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata mali yenye daftari inaweza kuleta taabu, ikiwa daftari lenyewe limefungiwa ndani ya sanduku la mtu mmoja.

Kikundi kimoja nilichokuwa nikitembelea kilikuwa na miradi mitatu: tangi la maji, kuku wa mayai na karo ya watoto. Mweka hazina akaugua, akalazwa wiki sita. Siku ya mkutano maneno yakaanza: "Kwani pesa za tangi zilienda wapi?" Kumbe paipu zilikuwa zimeshalipiwa, kilichokuwa kikingojewa ni lori tu. Hakuna aliyejua. Akina mama wawili walitoka kikundini kwa hasira, na hawakurudi tena. Hakuna shilingi iliyoibwa, lakini watu tuliwapoteza.

Baada ya hapo tulibandika karatasi kwenye ukuta wa ukumbi, kila mradi na karatasi yake. Vijana wakauliza: je, ukuta huu hauwezi kuwekwa kwenye tovuti, ili hata wanachama walio mbali wauone kwa simu? Unaweza. Hebu tuone namna gani.

Wazo lenyewe

Wazo hili si geni. Kule Japani, katika viwanda vya magari vya Toyota, Taiichi Ohno alianzisha mpango wa kadi uitwao kanban, neno ambalo maana yake ni ubao wa tangazo. Kadi ilionyesha ni kipuri gani kinahitajika na ni kiasi gani, na mfanyakazi hakuhitaji kumtafuta mkubwa ili aulize. Sisi pia tunataka hivyo: mtu atupe jicho mara moja ajue kazi imefika wapi.

Mandhari ni nini?

Vikundi vingi hutengeneza tovuti kwa WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa mandhari. Mandhari ni kama nguo: mtu ni yule yule, akibadilisha nguo sura inakuwa nyingine. Ukibadilisha mandhari, habari na picha zako hazipotei. Kuna mandhari zinazopanga habari kwa orodha ndefu kama gazeti, na kuna zile zinazozipanga kama kadi, kando kwa kando, kila moja na picha yake. Hizi za kadi ndizo tunazohitaji.

Hatua za kufuata

1. Anza na karatasi. Kabla ya kugusa kompyuta, andikeni pamoja kadi ya kila mradi: jina lake, picha moja, kazi inayofuata, cheo cha anayehusika, na tarehe ya kuangalia tena. Kama kadi haijai kwenye karatasi, hata tovuti haitaisaidia.

2. Chagua mandhari. Ingia kwenye tovuti yako, bonyeza neno Appearance, halafu Themes, kisha kitufe cha kuongeza. Tafuta kwa neno grid. Angalia ilirekebishwa lini mara ya mwisho; iliyoachwa miaka mingi usiichukue. Wala usichukue mandhari ya kulipiwa ambayo mtu asiyejulikana anaigawa bure, kwa maana huenda imefichwa mitego ya wezi. Ukiridhika, bonyeza Install, halafu Activate.

3. Tengeneza makundi manne: Unangoja, Unaendelea, Umekwama, Umekamilika. Kila mradi uandikwe kama habari moja, upewe picha yake kuu na kundi lake. Kazi ikisonga, unabadilisha kundi tu, kama vile kuhamisha karatasi ukutani. Weka majina ya makundi hayo manne juu ya ukurasa, ili msomaji abonyeze analotaka.

4. Jaribu kwa simu. Wanachama wengi wataisoma kwa simu, tena kwa bando la kununua. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha, la sivyo zitawamalizia bando bure.

5. Funguo zisiwe za mtu mmoja. Watu wawili wawe na mamlaka kamili, kila mmoja na neno lake la siri. Wengine wapewe nafasi ya Editor: wataandika na kusahihisha habari, lakini hawawezi kubadilisha mandhari. Tusitoke kwa daftari la sandukuni tukaingia kwa neno la siri la mtu mmoja. Shida itakuwa ile ile.

Mambo ya kujihadhari

Tovuti si ukuta wa ukumbi. Dunia nzima inasoma. Hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Usiandike majina ya watoto wanaolipiwa karo wala ya wagonjwa. Andika "watoto watano wamelipiwa muhula wa kwanza", inatosha. Picha ya mtoto isitumiwe bila ruhusa ya mzazi.

Na wazee wasio na simu za intaneti msiwasahau. Karatasi za ukutani ziendelee, na anayebadilisha tovuti abadilishe na ukuta siku hiyo hiyo.

Kundi gumu zaidi

Kwa uzoefu wangu, kuweka mandhari ni kazi ya alasiri moja. Kazi ngumu ni lile kundi la Umekwama. Viongozi wengi hawalipendi. Wengine wataacha kadi kwenye Unaendelea mwaka mzima, ati watu wasivunjike moyo. Lakini wale akina mama wawili hawakuvunjwa moyo na habari mbaya. Walivunjwa moyo na kukosa habari.

Basi katika mkutano wenu ujao, kabla ya kuuliza nani anajua kompyuta, ulizeni kwanza: ni mradi upi wetu umekwama, na nani yuko tayari kuuandika hivyo? Kadi hiyo ndiyo iwe ya kwanza.