Mpunga Si Samaki

Ukipita Mbarali mkoani Mbeya wakati wa kilimo, utakuta majaruba yamefurika maji. Wengi tunaamini mpunga usiposimama majini hauzai. Sivyo. Mpunga huyavumilia tu maji yaliyotuama, kwa kuwa una vinjia vya hewa vinavyoshuka hadi mizizini. Faida kubwa ya kuujaza maji ni kuzuia magugu.

Palizi hiyo ya maji ina gharama. Udongo uliofunikwa hukosa oksijeni, na vijidudu vinavyoozesha mabaki ya mimea humo hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Sehemu kubwa ya gesi hiyo hupanda kupitia vinjia vilevile vya mpunga. Mbu wa malaria nao hutaga humohumo.

Njia mbadala ni kilimo shadidi, kilichoanzia Madagascar miaka ya 1980 kwa padri Mjesuiti, Henri de Laulanié. Mche hupandikizwa mmoja mmoja ukiwa na siku 8 hadi 12, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Jaruba hunyweshwa, huachwa likauke kidogo, kisha hunyweshwa tena. Kipimo ni rahisi: fukia bomba la plastiki lililotobolewa matundu, maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia mfereji. Mpunga unapochanua, usithubutu kuukausha. Na jembe liwe karibu, maana magugu yatakuja. Mkulima makini anaweza kuokoa hadi asilimia 30 ya maji, na methani ikapungua karibu nusu.

Je, kwa maji hayo yaliyookolewa Mto Ruaha Mkuu utapona? Hapo ndipo sifa za kilimo shadidi hutiwa chumvi. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya bonde la Usangu, lenye mashamba hayo ya Mbarali, kupitia ardhi oevu ya Ihefu, umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakisongamana kwenye vidimbwi. Chini zaidi kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mpunga wa Usangu kwa kawaida hulimwa msimu wa mvua, lakini baadhi ya mabanio ya mifereji huendelea kuvuta maji hata baada ya mavuno. Tena maji yaliyookolewa yakifungulia shamba jipya, mto hauambulii kitu. Kwa hiyo kibali cha maji kinapaswa kupunguzwa kadiri skimu ya umwagiliaji inavyobana matumizi, na banio lifungwe mavuno yakiisha, yakibaki tu maji ya kunywa ya vijiji.