Vinyago Visiponunuliwa Sabasaba

Tuseme wewe ni mchongaji wa vinyago kule Masasi au Newala. Tangu Kwaresima umekaa chini ya mwembe na tezo, patasi na tupa, ukichonga mpingo. Mwisho wa Juni umefunga vinyago ishirini katika magunia, ukapanda basi kwenda Dar es Salaam kwenye Maonyesho ya Sabasaba. Nauli umekopa kwa shemeji yako. Mama watoto umemwahidi sare ya shule ya binti yenu. Maonyesho huanza tarehe 28 Juni na kwisha 13 Julai. Sasa siku ya mwisho imefika, nawe umeuza vinyago vitatu tu.

Saa hiyo ni saa ya hatari. Atakuja mchuuzi akutajie bei isiyotosha hata kulipia gogo. Tena utaona haya kurudi. Wako waliobaki mjini miezi kadhaa wakisema wanangoja mteja, kumbe wanaogopa macho ya mke na ya mwenye deni. Wengine huzika huzuni yao katika pombe, na zile fedha chache nazo zikaisha. Na ukirudi, huenda jirani akakuchoma kwa methali: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo huuma, maana yasema kwamba kazi yako ni mbaya. Lakini si kweli siku zote. Mfikirie Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha za wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao nyembamba za dari. Hakungoja watu waje kumtafuta. Picha zake zilipangwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni walikuja kununua chakula chao. Hapo zikanunuliwa. Alikufa mwaka 1972, lakini leo jina lake ndilo jina la uchoraji wa namna ile. Chema chake kilitembezwa, na hakikuwa kibaya.

Basi jiulize kwa utulivu: waliopita mbele ya meza yangu walikuwa akina nani? Wengi waendao Sabasaba ni watu wa mjini na watoto wao. Wamelipa nauli na kiingilio, wanataka kutazama, kula, na kununua sufuria au nguo. Kinyago cha kilo kumi hakimo katika hesabu yao. Mgeni wa Ulaya naye huogopa mizani ya ndege, na mpingo ni mzito hata huzama majini. Hapo mkono wako hauna kosa. Lakini kama watu walikishika kinyago, wakaona ufa, wakakirudisha, pokea fundisho hilo pia. Gogo likikaushwa juani kwa haraka hupasuka.

Petro na wenzake walivua usiku kucha wasipate kitu. Asubuhi hawakutupa nyavu, walikuwa wakiziosha. Nawe osha nyavu zako hivi.

Kwanza, shika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Andika bei ya gogo, kibali, nauli, kibanda, chakula, na siku ulizofanya kazi. Hapo utajua bei ambayo huwezi kushuka chini yake. Kuuza kimoja kwa hasara ili upate nauli ya kurudi si aibu. Kuuza vyote kwa hasira ni kujiibia mwenyewe.

Pili, rudi nyumbani, tena useme kweli. Mwambie mkeo hesabu yote siku ile ile, kisha nenda kwa shemeji kabla hajakutafuta, umpe hata sehemu ndogo. Nawe mama, mumeo akiingia na magunia mazito, mpe kwanza maji na chakula. Hesabu zingoje mpaka amekaa. Mwanamume anayepokelewa vizuri siku ya hasara hatajificha mjini siku nyingine.

Tatu, peleka kazi mahali anapopita mnunuzi wake. Vikubwa viulizie nafasi kwa wachongaji wa Mwenge, wanaofikiwa na wageni mwaka mzima. Tena toka Sabasaba mpaka Noeli ni miezi mitano na zaidi. Chonga Mtoto Yesu, Maria na Yosefu mmoja mmoja, wadogo, umwonyeshe Padre na viongozi wa jumuiya kabla hujachonga wengine. Usitake wakununulie kwa huruma. Waulize wanahitaji nini.

Vile kumi na saba vilivyobaki, vifute vumbi, uviweke kivulini. Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Hautaharibika kwa kungoja mteja mwaka mmoja.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa seremala, na Injili haikutuandikia bei hata ya meza yake moja. Imetuandikia kwamba alikuwa mtu wa haki, na kwamba alimchukua Mtoto na mama yake akarudi nao kwao. Nawe rudi kwako.