Kasoko ya Chumvi: Jibu Nililomnyima Mwanafunzi Wangu

TP ya mwaka jana nilifundisha volkano, kidato cha pili. Nilijiandaa vizuri, au ndivyo nilivyodhani: mchoro ubaoni, mishale, maana ya magma, maana ya lava, mifano mitatu ya milima. Zikiwa zimebaki dakika tano, kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama ndani ya volkano kuna moto, hayo maji ya kwenye kasoko yanatoka wapi? Mbona moto hauyakaushi?"

Darasa likacheka. Mimi nikaangalia saa, nikamwambia hilo haliji kwenye mtihani. Akaketi. Hadi namaliza TP hakuuliza swali jingine.

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata wiki chache baadaye, kisiwani Ngazidja, siku ya mwisho ya likizo, wakati hata silitafuti.

Ngazidja ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro. Rafiki yangu wa hosteli kwao ni huko, na alinialika wiki mbili. Volkano maarufu ya kisiwa ni Karthala, mita 2,361, na bado iko hai. Kuipanda ni shughuli nzito, wengi hulala mlimani, na mimi si mtu wa milima. Basi siku moja kabla ya ndege ya kurudi Dar rafiki yangu akasema, "Twende nikuonyeshe volkano ya wavivu."

Tukapanda gari la abiria kuelekea kaskazini, tukapita Mitsamiouli, tukashuka karibu na kijiji cha Bangoi-Kouni. Kutoka barabarani ni mwendo mfupi tu. Unapandisha ukingo wa majani na mawe meusi, jasho halijakutoka vizuri, mara ardhi inakatika mbele yako. Chini kuna shimo kubwa lenye kuta za mteremko mkali, na ndani yake maji ya kijani. Ukigeuza shingo, bahari ile pale. Kati ya ziwa na bahari ni ukuta wa ardhi tu. Wenyewe wakisema Kifaransa huliita Lac Salé, yaani Ziwa la Chumvi.

Nikakaa ukingoni, nikamkumbuka yule kijana.

Shimo kama lile halitokani na lava kumwagika taratibu. Ni kasoko ya mlipuko. Magma ikipanda karibu na pwani hukutana na maji yaliyojaa kwenye miamba. Aliyewahi kukaanga chipsi ghetto anajua tone la maji likidondokea mafuta ya moto linafanya nini. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na yakibanwa chini ya mwamba hayana pa kutanukia. Kinachofuata ni mlipuko. Mwamba unapasuliwa na kurushwa juu, vipande na majivu vinaanguka pembeni kuzunguka shimo, na ndiyo maana unapata ukingo wa kupanda kwa dakika chache badala ya mlima mrefu. Kwa hiyo maji hayakuja kuzima volkano. Yalikuwapo tangu mwanzo, na ndiyo yaliyoipa nguvu ya kulipuka.

Baada ya hapo magma ikaacha kupanda, mwamba ukapoa, na shimo likabaki wazi. Si kila kasoko ina moto chini yake leo, na hapo ndipo swali la "mbona hauyakaushi" linapojibika. Ziwa Duluti kule Arusha nalo limo ndani ya kasoko, na maji yake ni baridi. La Ngazidja lina chumvi kwa sababu liko jirani kabisa na bahari, na mwamba wa volkano una matundu na nyufa nyingi. Maji ya bahari hupenya kwa chini.

Nyufa hizo hizo zinaeleza jambo jingine, ambalo nilikuwa nimeliishi wiki mbili bila kulielewa. Ngazidja hunyesha mvua nyingi, lakini hakuna mito inayotiririka mwaka mzima. Mvua ikianguka, mwamba unainywa. Huko chini maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi, na kadiri unavyokaribia pwani tabaka lake linakuwa jembamba, hivyo visima vingi vya huko hutoa maji ya chumvichumvi. Ndiyo maana nyumba ya wenyeji wangu ina tangi la saruji la kukinga mvua ya paa. Bibi wa rafiki yangu, ambaye wote tulimwita Koko, alikuwa akichungulia tangi lile kila asubuhi kama mtu anayehesabu akiba. Siku ya kwanza nilioga ndoo mbili. Hakunigombeza. Kesho yake nilikuta ndoo moja tu mlangoni.

Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakaanguka vijijini na kuingia kwenye matangi. Watu wengi sana wakabaki bila maji safi ya kunywa. Nikifundisha volkano nilikuwa nachora lava inayoshuka kuelekea nyumba. Sikuwahi kuchora tangi.

Kwa anayetaka kwenda: nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, vaa viatu vilivyofunga maana mawe yanakata, beba maji yako mwenyewe (sasa unajua kwa nini), na vaa kwa heshima kwa kuwa unapita kijijini. Usishuke ndani ya kasoko bila mwenyeji, kuta zina mteremko mkali. Ukisaidiwa, sema "marahaba". Kule ni asante, si jibu la shikamoo. Mimi Koko aliponiambia "marahaba" nilipombebea ndoo, nilidhani ananikumbusha kwamba sijamwamkia.

Jioni ile nilimweleza Koko nilichokielewa ziwani, rafiki yangu akitafsiri pale Kiswahili changu kilipopishana na Kingazidja chao. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: kama mwamba unakunywa mvua yote, mnatufundisha nini cha kufanya?

Safari hii sikuangalia saa. Nilimwambia sijui, nitauliza.

Mwaka huu narudi TP, shule nyingine. Yule kijana sitamkuta, na jibu lake ninalo mkononi bila wa kumpa. Nimeamua kuacha kona moja ya ubao wazi kwa maswali nisiyoyaweza. La Koko litakuwa la kwanza.