Kaakaa na Kasri

Mfaransa akinywa chai ya moto kwa pupa, sehemu ya juu ya kinywa inayobabuka huiita palais. Jumba la Élysée anamokaa rais wake, nalo ni palais. Mwitaliano hachanganyi mambo: kaakaa kwake ni palato, kasri ni palazzo. Mwingereza naye ana palate na palace. Ukiyaweka bega kwa bega utadhani ni maneno ya tumbo moja, na wapo wanaisimu wanaoamini hivyo. Mimi swali la udugu linanivutia kidogo kuliko jingine: ikiwa Kilatini kiliyatamka karibu sawasawa, palatum na palatium, nani aliyatenganisha? Aliyefanya kazi hiyo yumo kinywani mwako, nyuma kidogo ya meno ya juu.

Tuanze na kasri. Roma ya kale ilikaa juu ya vilima saba, na kimoja, kinachoinuka mita 40 hivi juu ya bonde la soko kuu, kiliitwa Palatium. Warumi waliamini kwamba hapo ndipo Romulus alipoanzisha mji wao tarehe 21 Aprili mwaka 753 K.K. Hadithi ni hadithi, ila wachimbaji wa karne ya 20 walikuta kwenye mwamba wa kilima hicho mashimo ya nguzo za vibanda vya zama za chuma. Palatium ya kwanza, basi, ilikuwa ya fito na udongo.

Karne zilipopita, kilima kikawa mtaa wa wenye nazo. Msemaji maarufu Cicero alikuwa na nyumba pale. Augustus, Kaisari wa kwanza, alizaliwa pale mwaka 63 K.K., na alipotwaa madaraka hakuhama. Waliomfuata waliongeza jengo juu ya jengo, mpaka Domitian na msanifu wake Rabirius walipotandaza kasri kubwa iliyokamilika mwaka 92 B.K. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, anasema watu walifikia kuita Palatium mahali popote anapokaa Kaisari, hata awe mbali na kilima chenyewe. Jina la mtaa lilishageuka jina la makazi ya mkubwa.

Kutoka hapo likatembea. Wajerumani walilifupisha kuwa Pfalz, vituo ambamo wafalme wao wasio na mji mkuu mmoja walifikia wakiwa safarini, na jimbo moja la ng'ambo ya mto Rhine bado lina jina hilo. Warusi wana palata, neno lililowahi kutaja majumba na kumbi za wakuu. Siku hizi mgonjwa akilazwa hospitali, wodi anayowekwa ndiyo palata. Mzee wa Moscow anayesubiri kufungwa plasta mguuni hana habari kwamba kitanda chake kiko ndani ya jina la kilima cha Roma.

Sasa kaakaa. Ukilipapasa kwa ncha ya ulimi kuanzia kwenye ufizi kurudi nyuma, utaanza na matuta madogo, kisha kuba gumu la mfupa, halafu ghafla utateleza kwenye nyama laini inayoishia kwenye kidakatonge. Kuba hilo hujiunga mtoto akiwa tumboni, kati ya wiki ya 7 na ya 12 ya mimba, pale mabamba mawili yanapotoka kila upande na kukutana katikati. Yasipokutana, mtoto huzaliwa na kaakaa lililopasuka: maziwa hutokea puani, na sauti kama p, t na k humshinda kwa sababu pumzi haikusanyiki kinywani, inavujia puani.

Watu wengi walipolitazama kuba hilo waliona mbingu. Wagiriki wa zama za Aristotle walitumia neno moja, ouranos, kwa mbingu na kwa kaakaa. Kirusi kinatofautisha mbingu na kaakaa kwa irabu moja tu. Waromania husema mbingu ya kinywa, na jina la Waholanzi limejengwa juu ya neno lao la mbingu. Kwa Kilatini, mshairi Ennius aliuona mfano huo huo kutoka upande wa pili: aliitaja mbingu kama kaakaa. Hapo ndipo wanaotafuta udugu wa palatum na palatium hushika uzi wao. Kamusi ya kale ya Festus inataja neno la Waetruski, majirani wa Warumi, falado, kwamba maana yake ni mbingu. Wakasema huenda ndilo lililozaa kuba la mdomo na kilima kirefu kwa pamoja. Wengine hulihusisha jina la kilima na Pales, mungu wa wachungaji aliyesherehekewa tarehe ile ile 21 Aprili. Ushahidi ni mwembamba pande zote, na sioni aibu kuliacha jambo hilo likiwa wazi.

Kilicho wazi ni yaliyofuata. Katika palatum, t inafuatwa na u. Katika palatium, inafuatwa na i, na baada ya i kuna irabu nyingine. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua kila kitu. Tamka “tu” taratibu, kisha “tia” mara nyingi kwa haraka. Mara ya pili ulimi wako haukai chini: ncha iko kwenye ufizi kwa ajili ya t, lakini mgongo wake umeshapanda kuelekea kaakaa gumu kuiwahi i. Ukiachia t, pumzi inapita kwenye upenyo mwembamba na kufanya mvumo. Baada ya vizazi kadhaa vya wasemaji wenye haraka, tia ikawa tsya. Ndiyo maana palazzo ina ts, na palace ya Waingereza, iliyopitia Ufaransa, ina s, ilhali palato na palate zimebaki na t yao safi. Jina la kasri lilibadilishwa na kaakaa. Wafaransa peke yao waliyagonganisha tena: kwao palatum ingepaswa kuchakaa hadi kitu kama palé, lakini wakaliazima jina la jumba na kulipachika kwenye kuba la mdomo.

Wanaisimu wetu huita jambo hili ukaakaishaji, na msemaji wa Kiswahili hahitaji Roma ili alione. Tunasema kiti, kisu, kitabu, lakini hatusemi kiakula wala kiumba, tunasema chakula na chumba. I ya ki- ikikutana na irabu hugeuka y, na y hutamkiwa kwenye kaakaa gumu; k iliyokuwa imetulia nyuma kwenye kaakaa laini huvutwa mbele, na zao lake ni ch. Wapo Wapemba wanaosema kyakula na kyangu hadi leo, wakiwa wamesimama katikati ya safari hiyo. Waganda huandika kyange, ingawa masikio ya Mswahili huisikia karibu na changu.

Utauliza: mbona kiatu hakikuwa chatu? Kwa sababu zamani kilikuwa na l katikati, kilatu, na l hiyo ikadondoka baada ya mabadiliko kupita. Kiatu kilichelewa basi.

Wanafonetiki wana njia ya kuyaona haya kwa macho, na haihitaji mashine kubwa. Unachanganya unga wa mkaa na mafuta ya zeituni, unampaka mtu kwenye ulimi, anatamka neno moja, kisha unamwingiza kioo kidogo mdomoni na kupiga picha ya doa lililobaki kwenye kaakaa. Mmoja wao, Peter Ladefoged, aliipeleka mbinu hii sehemu nyingi za dunia. Yeye na wenzake walichunguza pia sauti za Kihadza, lugha ya watu wa bonde la ziwa Eyasi. Doa la k husalia nyuma kabisa. La ch hufika kwenye kuba.

Kiswahili hakikuchukua palatium. Kwa makao ya mkuu wa nchi kilichukua ikulu, boma la mtemi kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Lakini Roma tunayo katika kasri. Waarabu waliipata qasr kutoka castra, kambi ya askari wa Kirumi, kwa kupitia Wagiriki na Waaramu. Wingi wake wenye al- mbele ndio jina la mji wa Luxor kule Misri. Huko Ufaransa, jamaa wa castra aitwaye castellum hakunusurika: hata ka ilisogezwa kwenye kaakaa, ikawa château. Kwa Waarabu sauti hiyo iliangukia kwenye qaf, inayotamkiwa huko ndani karibu na kidakatonge, mbali kabisa na kaakaa gumu, na ilipofika pwani yetu ikatua kuwa k ya kawaida.