Je, Wajua? Bunduki ya Bei Nafuu Inayopiga Palepale

Je, wajua kwamba bunduki ya bei nafuu inapotawanya risasi, mara nyingi mtutu hauna kosa? Kosa liko kwenye kitako: chuma kinagusa mahali kisipotakiwa kugusa, na pale kinapotakiwa kukaa imara kinachezacheza. Habari hiyo ni njema kwa mwenye pesa kidogo, kwa sababu mtutu ni ghali kubadilisha lakini kitako kinarekebishika mezani nyumbani.

Bunduki zenyewe ni zile za komeo ambazo wakulima na wafugaji wa Marekani hutumia dhidi ya wanyama waharibifu: kindi wa ardhini wanaotoboa malisho, na koyote wanaovizia wana-kondoo. Risasi inayopendwa sana ni .223 Remington, iliyotoka miaka ya 1960. Kindi wa ardhini hafiki kilo 2 na hupigwa akiwa mbali. Kipimo cha usahihi ni dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi moja, ambayo ni takriban sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100. Ukifika mita 300 imekuwa karibu sentimita 9, na mnyama ameshaanza kuponea kwenye kosa la bunduki. Au ameshaanza kujeruhiwa tu, jambo baya zaidi. Ndiyo maana usahihi hapa si mchezo wa kujionyesha.

Je, wajua kwamba Savage 110, mojawapo ya bunduki zilizompa mtu wa kipato cha kawaida usahihi mkubwa, ilianza kuuzwa 1958? Aliyeisanifu, Nicholas Brewer, aliufunga mtutu kwa nati. Viwanda vingine vilihitaji fundi wa kulinganisha mtutu na mwili wa bunduki kwa mkono, mmoja mmoja. Nati iliwezesha kurekebisha nafasi ya ganda kwa kipimo tu, kisha kukaza. Gharama ikashuka na usahihi ukabaki. Kichwa cha komeo lake nacho ni kipande cha peke yake chenye uhuru mdogo wa kucheza, kwa hiyo meno yake hujikalisha sawasawa bila kusuguliwa na fundi.

Mwanzilishi wa kampuni ya Savage, Arthur Savage, alizaliwa Kingston, Jamaika, 1857, akaianzisha Utica, New York, 1894.

Je, wajua kwamba risasi hukaa ndani ya mtutu kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika muda huo mtutu wote unatetemeka? Mtetemo haudhuru kitu ukiwa uleule kila mara. Lakini vitako vingi vya plastiki vya bei rahisi hupinda: ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, sehemu ya mbele inainuka na kugusa mtutu, ukiegemeza kwingine, haigusi. Kila risasi inakutana na mtetemo mpya.

Jaribu hivi. Toa risasi zote, toa komeo, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Chukua karatasi, ipitishe kati ya mtutu na kitako, ivute kutoka mbele kuelekea nyuma. Ikikwama, umepata mahali pa kazi. Zungushia msasa kwenye kipande cha bomba kinachoingia kwenye mfereji wa kitako, ukwangue taratibu mpaka karatasi iliyokunjwa mara mbili ipite bila kusita. Kitako kikiwa chepesi mno, jaza vyumba vilivyo wazi ndani ya sehemu ya mbele kwa epoksi ili kisipinde tena. Hakuna gharama ndogo kuliko hiyo inayolipa kiasi hicho.

Kazi ya pili ni kitanda cha epoksi. Bunduki ikilia, mwili wake unarudi nyuma na kuzuiwa na kigingi kimoja cha chuma kilichoingia kwenye kitako. Kigingi kikikaa kwenye plastiki laini, kila mlio unakisogeza kidogo. Basi fundi wa nyumbani huchimba nafasi ndogo kuzunguka kigingi na kuijaza epoksi ya chuma. Siri iko kwenye maandalizi. Pakaza nta au dawa ya viatu juu ya kila chuma kitakachoguswa na epoksi, mara mbili, na ndani ya matundu ya skrubu pia. Ukisahau, bunduki na kitako vitakuwa kitu kimoja milele. Bandika utepe mbele, ubavuni na chini ya kigingi, lakini usibandike nyuma: uso wa nyuma pekee ndio unaotakiwa kuegemea. Zungushia utepe kwenye mtutu pia ili ukae katikati ya mfereji. Kandamiza, futa kinachofurika kabla hakijakauka, uache mpaka siku ya pili.

Utajuaje kama kazi imekaa? Weka kidole kwenye kiungo cha mtutu na ncha ya kitako, kisha legeza skrubu ya mbele polepole. Kidole kikihisi mtutu unainuka, chuma kilikuwa kinapindwa kwa nguvu. Kisipohisi kitu, umefaulu.

Skrubu zenyewe zina kipimo. Bisibisi yenye kipimo cha nguvu inakuwezesha kuzikaza sawasawa kila mara: kitako cha plastiki au mbao huhitaji takriban newtoni-mita 4 hadi 5, na chenye kiini cha alumini huvumilia karibu 7. Fuata kitabu cha bunduki yako kwanza.

Je, wajua kwamba triga ndiyo sehemu ambayo fundi wa nyumbani anatakiwa kuiogopa? Mwezi Aprili 2014 kampuni ya Remington iliita zirudishwe bunduki za Model 700 na Model Seven zilizokuwa na triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu 2006, kwa sababu gundi ya ziada iliyowekwa kiwandani ingeweza kufanya bunduki ilie yenyewe. Gundi tu! Anayekata springi au kusugua ndoano ya triga kwa msasa anacheza na hatari hiyohiyo. Tumia triga iliyoundwa irekebishwe na mwenyewe, kama AccuTrigger ya Savage, au umpe fundi wa silaha. Na kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania: matengenezo ya silaha ni kazi ya fundi mwenye leseni, si ya meza ya jikoni.

Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio kitu cha mwisho kugusa risasi. Mkwaruzo mdogo hapo huisukuma pembeni, kwa hiyo safisha kutoka upande wa chemba. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba iliyoachwa na risasi; endelea.

Je, wajua kwamba kundi la matundu ya risasi 3 kwenye karatasi hudanganya? Kwa bunduki ileile, kundi la risasi 5 huwa kubwa kwa wastani wa robo kuliko la 3, na la risasi 10 huwa kubwa kwa zaidi ya nusu. Anayejisifu kwa kundi moja la risasi 3 amepima bahati. Piga 10, upumzishe mtutu katikati, na ukubali unachokiona. Hapo ndipo utajua kama epoksi ilisaidia.

Upepo nao haujali kazi yako: upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma risasi ya kawaida ya .223 zaidi ya sentimita 10 kwenye mita 200.

Si kila kindi wa ardhini anaruhusiwa kupigwa. Yule wa Utah analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1973. Na kicheche wa miguu myeusi, aliyedhaniwa ametoweka mpaka alipoonekana tena karibu na Meeteetse, Wyoming, 1981, huishi kwa kuwala kindi hao na kulala katika mashimo yao. Kuna nyanda ambako kuacha kupiga ndiyo kazi sahihi.

Je, wajua kwamba tangu Julai 1, 2019 California inakataza risasi za madini ya risasi katika uwindaji wote, kwa sababu ndege wakubwa aina ya kondori walikuwa wanakufa kwa sumu yake? Mbadala ni shaba, na shaba ni nyepesi, kwa hiyo risasi ya uzito uleule inakuwa ndefu zaidi. Risasi ndefu inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Mtutu wa .223 wenye mzunguko mmoja kila inchi 12 huizungusha risasi zaidi ya mara 190,000 kwa dakika, na bado huenda usiweze kuituliza ile ndefu. Mwenye mtutu wa namna hiyo achague risasi za shaba fupi na nyepesi, na azipime kwenye karatasi kabla ya kwenda malishoni: tundu likitoka la mviringo, risasi imetulia, likitoka refu kama tundu la ufunguo, inaruka kiubavu.